Ajali ya Treni Tuliyoishangilia

Miaka ya tisini, huko Mbalizi, Mbeya, tulikuwa na banda la video: mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na spika iliyoshindana na malori yaendayo Tunduma. Humo ndimo nilimoiona The Fugitive ya mwaka 1993. Basi la wafungwa linabiringika hadi relini, treni inakuja, stelingi anaruka sekunde ya mwisho, kichwa cha treni kinaacha reli na kulima udongo. Banda zima likasimama kushangilia, tukaomba mkanda urudishwe nyuma.

Tulikuwa watoto wa reli ya TAZARA. Treni tuliijua kwa honi na mtikisiko wake, ajali tuliijua kwa video tu.

Halafu ikaja Juni 24, 2002. Treni ya abiria iliyokuwa kwenye mwinuko karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ilirudi kinyumenyume kwa kasi hadi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Tangu siku hiyo tukio lile la sinema likanishinda kulitazama.

Kilichonirudisha ni kujua lilivyorekodiwa. Treni ilikuwa ya kweli, huko Dillsboro, North Carolina, kwenye njia ya Great Smoky Mountains Railroad, ambayo hubeba watalii. Basi likagongwa mara moja tu, kwa kuwa hakukuwa na nafasi ya kurudia. Stelingi, Harrison Ford, alirekodiwa pembeni akiruka, picha zikaunganishwa baadaye. Mabaki yaliachwa palepale, watalii wakiyaona dirishani. Pale Igandu hakukuwa na wa kupanga nani awe salama. Kwenye sinema, usalama ndio uliotangulia.

Leo kompyuta inaangusha treni bila kugusa reli. Hata hivyo, treni ya kweli bado ina faida kwa filamu, kama ilivyokuwa kwa majirani zetu. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yalitoa kichwa cha mvuke kwa ajili ya Out of Africa ya mwaka 1985.

TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na vyombo vyake vya mwanzo vinazeeka. Ninawaomba wahusika wasiviuze vyote kama chuma chakavu. Kichwa kimoja na mabehewa machache vitunzwe Mbeya, kwenye kipande cha reli kisichopita treni, ili vijana wetu warekodi filamu zao bila kuhatarisha roho ya mtu.