Asilimia 34 za uongo

TP ya mwaka huu ilinipeleka Lushoto, sekondari moja ya kata huko juu upande wa Mlalo, ambako mwezi wa Julai unaandika ubaoni huku vidole vimekufa ganzi. Nyie mnaosema Tanzania yote ni joto, pandeni gari Mombo, mpite Soni, halafu tuongee. Lakini leo siandiki habari za baridi, ingawa nayo itaingia. Naandika kuhusu kishikwambi cha Madam.

Kwa wasiofuatilia: vishikwambi vya walimu wengi ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, baadaye vikagawiwa mashuleni. Cha mwalimu wangu mlezi, Madam wa Jiografia, kilikuwa kinabeba kila kitu: maandalio ya somo, picha za volkano za kuwaonyesha wanafunzi 58, na alama zote za Kidato cha Pili. Shida yake ni moja. Kinakuonyesha asilimia 34, unageuka kufuta ubao, ukirudi kimezima. Ukichomeka chaja kinawaka na kukwambia kina asilimia 34, bila hata aibu.

Ofisi ya walimu ilishatoa hukumu kwamba betri imekufa. Mpango ukawa kiende stoo, alama zirudi kwenye daftari mpaka kipatikane kingine. Kipatikane lini, hakuna aliyeuliza.

Sasa tuelewane kuhusu ile namba. Tangi la gari lina boya. Mafuta yakishuka, boya linashuka. Betri ya lithiamu haina boya. Ina chipu inayohesabu umeme unaoingia na unaotoka, kama mama muuza karoti anayejua kwamba kapu lilikuwa na mafungu 100, ameuza 66, basi yamebaki 34. Halitazami kapu, anahesabu tu. Na hesabu yake ni sahihi kabisa, ila betri huzeeka na kapu husinyaa. Kama siku hizi kapu linabeba mafungu 66, akimaliza la mwisho bado atakwambia yapo 34. Wale wa Upimaji na Tathmini mnaikumbuka hii: kipimo kinaweza kurudia jibu lile lile kila siku na jibu likawa si lenyewe.

Kwa hiyo kilichokosewa ni makadirio ya ukubwa wa kapu. Kwa nini chipu isijisahihishe? Inaweza, ila inahitaji kuiona betri ikiwa imejaa, kisha ikiwa karibu tupu, na mara zote mbili iwe imetulia. Madam alikuwa hampi nafasi hiyo. Kwa kuogopa kuzimikiwa, kila mapumziko ya chai anachomeka: kutoka 60 mpaka 85, kutoka 50 mpaka 80. Yaani kadiri kilivyomdanganya ndivyo alivyochomeka, na kadiri alivyochomeka ndivyo kilivyozidi kudanganya.

Ushauri unaozunguka mitaani ni kumaliza chaji yote, kujaza, kisha kurudia mara tatu. Siku tatu bila kifaa, wiki ya kuingiza alama? Halafu kuikausha betri mara kwa mara kunaichosha zaidi. Mimi nilianzia kwenye maelekezo ya watengenezaji wa chipu zenyewe. Texas Instruments, kwa chipu zao zinazotumia mbinu ya Impedance Track, wanashauri betri ipumzike kama saa 2 baada ya kujaa na saa 5 baada ya kuisha. Sababu ni kwamba volteji ya betri inayofanya kazi haiaminiki, kama mapigo ya moyo ya mtu aliyetoka kupanda mlima. Ikipumzika ndipo inasema kweli. Na ni lazima vipimo viwili viwe mbali. Katikati, kwenye volti 3.7 na kidogo, chaji inaweza kupungua sana volteji ikasogea kiduchu, hivyo kupima hapo ni kubahatisha.

Ukiangalia vizuri, kinachokula muda ni mapumziko, na mapumziko yanaweza kuwa usiku, wakati mwalimu mwenyewe amelala.

Tulianza Alhamisi. Kwanza alama zote zikanakiliwa kwenye flashi, maana Madam aliniambia, "Mwalimu, hizi zikipotea, mimi na wewe tunaondoka wote." Jioni kikachajiwa mpaka kikajaa, saa nne usiku tukachomoa, kikalala hadi asubuhi. Ijumaa kikafanya kazi kama kawaida bila kuguswa na chaja. Mchana kikaisha chenyewe vipindi vikiwa vimekwisha. Hapo hakuna kuchomeka! Kikalala tena, na Jumamosi asubuhi kikajazwa moja kwa moja bila kukatizwa. Kazi iliyosimama: sifuri.

Baridi ndiyo iliyonipa mawazo. Chipu hizo huhesabu kipimo cha mapumziko pale tu betri ikiwa kati ya nyuzi 10 na 40, na usiku wa Julai kule juu si wa kuaminiwa. Kwa hiyo usiku kilivikwa kanga, kikawekwa kabatini. Jikoni karibu na moto nilikataa, joto nalo linaua betri. Wakati wa kuchaji kanga inatoka.

Jumatatu saa tano asubuhi, muda ambao zamani kingeonyesha 70, kilionyesha 55. Madam akanitazama. "Kwa hiyo mwanangu umenipunguzia chaji?"

Ilibidi nimweleze kwamba chaji ni ile ile, kilichopungua ni sifa. Kurekebisha kipimo hakuongezi hata tone kwenye betri. Alinielewa siku hiyo hiyo mchana, kiliposhuka taratibu mpaka 9, akahifadhi alama zake, akakizima mwenyewe. Tangu hapo anachaji mara moja kwa siku, na habari ya stoo ikafa.

Habari zikaenea, mwalimu wa Hesabu naye akaleta chake. Hicho kilikuwa kinaruka kutoka 60 hadi kuzima, hasa asubuhi za baridi, nikataka kuanza zoezi lile lile. Nilipokilaza mezani kikayumba kama kiti kibovu: mgongo umevimba. Betri iliyovimba hairekebishwi kipimo, haichajiwi, haitobolewi. Nilimwomba akizime pale pale, tukakitenga peke yake kwenye ndoo ya mchanga nje ya ofisi, mbali na karatasi za mitihani, tukisubiri fundi wa wilaya.