Ngazi za Ziwa Lililokauka

Watu wengi wa nchi za milimani wakisikia jina la Chalbi hudhani kwamba ni mahali pa mchanga mtupu, kama majangwa ya Arabuni wanayoyaona katika picha. Mimi pia nilidhani hivyo, hata siku nilipofika huko mara ya kwanza, Januari 2015, nikiwa mwalimu aliyepelekwa kufundisha katika shule moja ndogo ukingoni mwa jangwa hilo. Nilikosea. Chalbi si nchi ya mchanga. Ni sakafu ya ziwa. Kutojua jambo hilo kulinigharimu, tena kuliwagharimu watu wengine kuliko mimi. Ndiyo sababu naandika habari hizi, ili msomaji atakayekwenda kuishi katika ardhi ya namna hiyo asifanye kosa nililolifanya.

Msafiri hupita Isiolo, akafika mlima wa Marsabit wenye msitu na ukungu, mahali ambapo mtu huhitaji koti asubuhi. Kisha huanza kuteremka upande wa kaskazini magharibi, na kila anaposhuka joto huzidi. Mawe meusi ya volkano yametapakaa kila upande kana kwamba yalimwagwa kwa makusudi. Halafu, ghafula, mawe yanakwisha, na mbele yake upo uwanda mweupe usio na mti wala jani. Mlima Kulal waonekana mbali upande wa magharibi, na vilima vya Huri upande wa kaskazini. Saa sita mchana mazigazi huutandaza uwanda wote, ukaapa kwamba waona maji yakimeta.

Wala mazigazi hayo hayasemi uongo mtupu. Yapata miaka 10,000 iliyopita mvua katika nchi hizi zilikuwa nyingi kuliko leo, na bonde la Chalbi lilijaa maji. Ziwa Turkana, ambalo hata 1975 liliitwa Rudolf, wakati ule lilisimama kiasi cha mita 80 juu ya kimo chake cha sasa, hata likafurika na kumwaga maji yake upande wa mto Nile. Watu walikaa ufuoni wakavua samaki kwa vyusa vya mifupa vilivyochongwa meno. Vyusa hivyo wataalamu wamevichimbua mahali paitwapo Lowasera, ufuoni mwa mashariki, palipo juu sana ya maji ya leo. Baadaye mvua zilipungua, na yapata miaka 5,000 iliyopita ukame ulikuwa umekwisha kuishika nchi.

Lakini ziwa halikuondoka kwa siku moja. Lilirudi nyuma kama mtu anayeshuka ngazi, akipumzika kila kidato. Kila liliposimama, mawimbi yalikusanya changarawe na makombe, yakajenga ufuo. Liliposhuka tena, liliuacha ufuo ule juu, likaanza kujenga mwingine chini yake. Tope laini, lisiloweza kukaa mahali penye mawimbi, lilikwenda kutulia katikati. Hivyo ndivyo zilivyofanyika zile ngazi ambazo mwenye macho huziona pembezoni mwa bonde hata leo. Mimi macho nilikuwa nayo, ila sikuona kitu.

Nilizaliwa Murang'a, katika mashamba ya miteremko, ambako mtu hulima huku amejishikiza asianguke. Nilipoona karibu na kisima cha shule uwanda sawasawa, usio na jiwe wala kisiki, moyo wangu wa mkulima ulifurahi. Niliwaambia wazazi kwamba tutapanda mahindi, maharagwe na sukuma wiki, ili watoto wapate chakula cha mchana pamoja na maziwa ya ngamia. Wazazi walichanga fedha za mbegu na majembe. Wawili kati yao waliuza mbuzi. Mzee mmoja wa Kigabra, aliyekuwa na mjukuu katika darasa langu, alikuja akasimama akitutazama tukipima mistari kwa kamba.

"Mwalimu," alisema, "ngamia wetu huja mahali hapa kulamba chumvi. Je, mahindi yako nayo hulamba chumvi?"

Watoto walicheka, nami nikacheka. Nilimjibu kwa adabu, "Mzee, tutatia maji mengi." Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kila jioni watoto waliteka maji wakanywesha mbegu. Juma la pili maharagwe yalichomoza, nasi tukashangilia. Juma la tatu majani yalianza kugeuka manjano, mishipa peke yake ikabaki kijani. Kisha ncha zake zikakauka kana kwamba zimepitishwa motoni. Maji tuliyomwaga yalisimama juu ya udongo hata kesho yake, na nilipochimba shubiri moja tu chini yake nikakuta vumbi kavu. Yalipokauka, uso wa shamba ulifanya gamba gumu, ukapasuka vipande. Juu ya matuta kulitokea unga mweupe, na kandokando ya madimbwi kulikuwa na rangi nyeusi kama mafuta ya gari. Juma la sita hapakuwa na mmea hata mmoja uliosimama. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini mbuzi waliouzwa hawakuwa wangu, na mikono iliyoteka maji ilikuwa ya watoto.

Nilikwenda kwa mzee yule kumwomba radhi. Hakunisimanga. Alichukua fimbo yake akasema, "Twende tutembee," tukaanza kutoka katikati ya uwanda kupanda pole pole kuelekea ukingoni.

Chini kabisa ardhi ilikuwa nyeupe na tupu. Hatua mia kadhaa mbele ikaanza nyasi fupi, ngumu, yenye ncha za kuchoma, pamoja na vichaka vyenye majani manene yaliyojaa maji ya chumvi. Hapo ndipo ngamia hupenda, maana ngamia asipopata chumvi hudhoofika. Juu yake palikuwa na mchanga uliochanganyika na tope, na mikoma na miswaki imesimama. Kisha tukapanda tuta la changarawe ya mviringo, laini kama mayai, na katikati ya changarawe nikaokota makombe madogo ya konokono wa majini. Hapo ilikuwapo migunga mikubwa yenye kivuli. Mzee alichomeka fimbo yake katika changarawe, ikazama bila taabu. "Hapa," alisema, "ardhi hunywa. Kule chini imefunga kinywa."

Baada ya hapo nilitafuta vitabu, nikasoma sababu, nazo nitazieleza kwa ufupi.

Maji yaliyoingia katika bonde hili yalipita katika mawe ya volkano, yakayeyusha madini yake. Bonde halina mto wa kutokea, kwa hiyo maji hutoka kwa njia moja tu, yaani kupaa kwa jua. Mvua ya Chalbi katika miaka mingi haifiki milimita 200, na jua la huko laweza kukausha maji ya kimo cha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hupaa, madini hubaki. Kalsiamu huganda kwanza ikawa chokaa, nayo waweza kuiona katika udongo wa chini kama vidonge vyeupe. Inayobaki ni sodiamu, nayo hufanya magadi, yale yale ambayo mama zetu huyatia chunguni ili maharagwe yaive upesi.

Basi magadi hayo yana madhara mawili. La kwanza, huufanya udongo kuwa mkali. Katika kipimo cha pH maji safi huwa 7. Udongo wa magadi hupita 8.5, na mara nyingine hufika 10. Katika ukali huo chuma, zinki na fosfori humo udongoni lakini mizizi haiwezi kuvichukua, ndiyo maana maharagwe yangu yaligeuka manjano. La pili ni baya zaidi. Sodiamu hushikamana na chembe za udongo wa mfinyanzi, nazo zikiloa hufura na kuachana, zikaziba kila kitundu ambamo maji na hewa vingepita. Hapo ndipo ardhi hufunga kinywa. Ile rangi nyeusi niliyoiona ni mboji iliyoyeyushwa na magadi, na ule unga mweupe ni chumvi iliyopandishwa na maji yangu mwenyewe yalipokuwa yakikauka. Kila debe tulilomwaga liliongeza chumvi juu ya shamba badala ya kuiondoa.

Ardhi ya namna hii haiko Kenya peke yake. Katika Utah, Marekani, lilikuwapo ziwa kubwa la kale liitwalo Bonneville, na fuo zake zimeandikwa milimani kama mistari ya daftari. Grove Karl Gilbert alitoa kitabu juu yake mwaka 1890. Huko nako chini ni chumvi, juu ni changarawe.

Mtu anayetaka kujua udongo wake asingoje mtaalamu. Na achukue bonge dogo, kavu, alitie taratibu katika gilasi ya maji ya mvua, asilikoroge. Likivunjika vipande na maji yakabaki safi, hilo si baya sana. Lakini maji yakigeuka kama maziwa kulizunguka bonge, yakakaa hivyo saa nyingi, basi sodiamu imo. Kisha adondoshe siki juu ya udongo mwingine. Ukitoa povu, chokaa imo. Zaidi ya yote, atazame kinachoota pale bila kupandwa na mtu.

Dawa ipo, ila si rahisi. Jasi ikichanganywa na udongo, kalsiamu yake huisukuma sodiamu itoke, kisha maji mengi matamu huiosha. Lakini lazima pawe na mfereji wa kuyatoa maji hayo ya chumvi, la sivyo yatapanda tena. Chalbi maji matamu hayatoshi kunywa, sembuse kuosha ardhi. Kwa hiyo hatukujaribu kuiponya sakafu ya ziwa. Tulihamia ufuoni.

Shamba la pili lilikuwa dogo, halikupita ukubwa wa vyumba viwili vya darasa, juu ya tuta la changarawe na mchanga. Tulichimba samadi ya mbuzi ndani yake. Maharagwe tuliyaacha, kwa kuwa hayavumilii chumvi hata kidogo. Tulipanda spinachi, na mitende michache pembeni. Tulitia maji jioni, tena kupita kiasi cha mahitaji ya mmea, ili yanayozidi yashuke na chumvi yake mbali na mizizi. Shida ilikuwa moja: kisima kilikuwa chini na shamba juu, na kila debe lilipaswa kupandishwa. Halikulisha shule nzima. Lilitoa mboga kwa darasa moja kwa zamu, na fedha za wale wawili waliouza mbuzi nilizirudisha kidogo kidogo kutoka mshahara wangu.

Nilihama mwaka 2018. Baadaye ukame uliotokea mwishoni mwa 2020 uliendelea hata 2023, na mifugo mingi ya kaskazini ikafa. Niliporudi kutembea mwanzoni mwa 2024, baada ya mvua kubwa, nilikuta mzee amefariki. Wengine waliniambia kwamba wageni wamekuja wakiusifu uwanda ule mweupe, wakisema ni ardhi iliyolala bure inayongoja trekta. Si ardhi ya bure. Ni ghala la chumvi la ngamia, na ngamia ndio waliobaki wakitoa maziwa ng'ombe walipokwisha.

Mitende miwili ilikuwa ingali hai juu ya tuta. Shuleni, dirishani mwa darasa langu la zamani, niliona gilasi tano zimepangwa, kila moja na bonge la udongo ndani yake. Tatu zilikuwa nyeupe kama maziwa. Mjukuu wa mzee, ambaye sasa ni kijana, alinionyesha mbili zilizobaki safi, akasema, "Hizi zimetoka juu, mwalimu."