Picha ya Timu

Nilipopata atachi Rivatex nikiwa mwaka wa tatu, Mzee hakuuliza kuhusu mashine wala nauli. Aliuliza kitu kimoja tu: "Picha ya timu bado iko?"

Timu gani? Mimi nilijua Rivatex kama kiwanda cha chuo. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, kikiwa kimeshaanguka, na sisi wa uhandisi wa nguo tunaenda pale kuona pamba ikigeuka uzi, uzi ukigeuka kitambaa. Sikujua kwamba kiwanda kilikuwa na timu ya mpira, tena si ya kusindikiza wengine. Ilitwaa Kombe la Moi mwaka 1990, ikarudia 1995. Enzi hizo kampuni ndizo zilikuwa na timu: Kenya Breweries, Mumias Sugar, na hapa hapa mjini Eldoret KCC, walionyakua kombe hilo hilo 1997. Kampuni ikikohoa, timu inalazwa.

Mzee hakuwahi kufanya kazi kiwandani. Alikuwa shabiki tu, yeye na jirani yetu wa mlango wa pili, fundi viatu. Siku ya mechi fundi alifunga kibanda mapema, wakatembea pamoja hadi uwanjani, njugu mfukoni. Anasema pale hakuna aliyekuuliza jina lako la pili. Ulikuwa mtu wa 64, basi.

Nilitafuta hiyo picha wiki mbili. Niliuliza stoo, nikauliza ofisini, nikamuuliza fundi mmoja mzee wa mitambo. Alicheka, akataja magoli kama mtu anayetaja watoto wake, lakini picha hakuwa nayo. Jioni nikamwambia Mzee hakuna kitu. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Yeye ndiye alikuwa na nakala. Ilibaki kwa nyumba."

Hapo nikaelewa hatuzungumzii mpira.

Januari 2008 nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka moshi, na taa zikiwa zimezimwa, na Mama akiniziba mdomo kwa kiganja. Mlango uligongwa mara mbili. Si kwa fujo, hapana, kama mtu anayekuja kuomba chumvi. Baba alisimama, akafika katikati ya chumba, akabaki hapo. Hakufungua. Asubuhi nyumba ya pili ilikuwa majivu, na fundi na familia yake hawakuwepo. Baadaye tulisikia wako Nakuru, wazima. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuuzungumzia ule mlango. Mimi nilidhani labda niliota.

Namba yake nilipewa na muuza mitumba aliyekuwa jirani wa kibanda chake. Nilikaa nayo siku tatu. Jumapili nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamwekea Mzee simu mkononi kabla hajakataa.

"Haloo, ni nani?"

Mzee alikohoa. "Ile fainali ya 95," akasema, "wewe ulikuwa unasema watapigwa."

Kimya. Nilisikia redio upande ule, na mtoto akilia.

"Mimi?" sauti ikasema. "Wewe ndiye uliyesema! Mimi nilikuambia mapema, hawa vijana wanarudi na kombe."

Wakabishana. Nani alikuwa golini, nani alichelewa kufika, nani alimwaga njugu. Walicheka mara moja, kicheko kifupi, kama watu wanaojaribu kiti kibovu kabla ya kukalia. Salio likaisha katikati ya sentensi.

Mzee alibaki ameshika simu. Mlango haukutajwa.

"Niongeze salio?" nikauliza.

"Hapana," akasema. "Hilo lingine haliwezi kusemwa kwa simu. Nauli ya Nakuru siku hizi ni ngapi?"