Alexandria, mji ambako wanafunzi hushindana kwa shabaha

Ukitoka Minneapolis nchini Marekani kuelekea kaskazini-magharibi, barabara kuu namba 94 inakupitisha pembeni mwa Brooklyn Park, kitongoji chenye familia nyingi za Wakenya, kisha St. Cloud, kisha mashamba ya mahindi na soya. Baada ya saa mbili hivi unaingia Alexandria, mji mdogo uliozungukwa na maziwa ya maji baridi.

Si ile Alexandria ya Misri. Hii ya Minnesota inajulikana kwa sanamu ya Mviking inayoitwa Big Ole, yenye urefu wa zaidi ya mita 8, iliyotengenezwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya New York mwaka 1965. Wageni wengi huja kuvua samaki, kuogelea na kupiga picha chini ya ngao ya jitu hilo.

Lakini kila Juni huja wageni wa aina nyingine. Ni wanafunzi kwa maelfu, wa kike na wa kiume, kuanzia darasa la sita hadi la 12, wakiwa na fulana za shule zao. Wanakwenda kwenye viwanja vya shabaha vya mji huo kwa michuano ya ligi ya shule ya mchezo wa trapu, yaani kupiga visahani vinavyorushwa hewani kwa bunduki aina ya shotgani. Hapa wazazi wanakaa kwenye viti vya kukunja na majokofu ya vinywaji, kama wazazi wa kwetu kwenye Umitashumta.

Ligi hiyo ilianza mwaka 2001. Jim Sable, mstaafu aliyekuwa mwanachama wa klabu ya shabaha karibu na Minneapolis, aliona wenzake wanazeeka na hakuna vijana wa kuwarithi. Akaanza na kikundi kidogo cha wanafunzi. Katika miaka ya karibuni Minnesota pekee imekuwa ikisajili zaidi ya wanafunzi 10,000 kwa msimu, na kila mmoja lazima awe na cheti cha mafunzo ya usalama wa bunduki kabla ya kufyatua risasi ya kwanza.

Mzazi aliyekulia Kisii au Nakuru, ambako bunduki ni ya polisi, anapoletewa fomu ya kujiunga na timu hiyo hushtuka. Ana haki ya kushtuka. Lakini ukitazama mchezo wenyewe kwa karibu, utaona kwamba mambo yanayompa mtoto alama nzuri ni yaleyale yanayomlinda.

Unavyochezwa

Wachezaji watano husimama kwenye vituo vitano, takriban mita 15 nyuma ya kibanda kifupi chenye mashine ndani. Mchezaji akiita, mashine hurusha kisahani cha rangi ya chungwa chenye upana wa sentimita 11, kilichotengenezwa kwa chokaa na lami. Kinakwenda mbali naye kwa mwendo wa karibu kilomita 67 kwa saa. Kinaweza kwenda kushoto, kulia au katikati, na yeye hajui ni wapi.

Kila mtu hupiga risasi moja kwa zamu. Baada ya risasi tano anahamia kituo kinachofuata. Raundi moja ni visahani 25, na katika michuano ya Alexandria kila mwanafunzi hupigia visahani 100. Bunduki hubaki wazi, bila risasi, mpaka mchezaji awe kituoni, na huwekwa risasi moja tu.

Alama huanzia miguuni

Risasi ya shotgani hutoka ikiwa vipunje zaidi ya 300 vinavyotawanyika angani. Kwa hiyo mtu anaweza kudhani kukosa ni kazi. Kumbe mtutu ukipotoka kidogo tu, kundi lote la vipunje linapita pembeni ya kisahani.

Anayetumia mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto, magoti yakiwa hayajakaza, uzito ukielemea mbele kidogo. Mtoto anayejipinda nyuma, tumbo mbele, kama aliyebeba ndoo ya maji mikononi, anatoa taarifa: bunduki ni nzito mno kwake. Hakuna maelekezo ya kocha yatakayorekebisha hilo kabla ya kubadilisha bunduki.

Hatua ya pili ni shavu. Bunduki huletwa usoni, si uso kupelekwa kwenye bunduki. Shavu linakaa juu ya kitako na linabaki hapo hadi risasi itoke na hata baadaye. Shotgani ya mchezo huu haina kilengeo cha nyuma. Jicho la mpigaji ndilo kilengeo hicho. Akinyanyua kichwa, risasi inapita juu. Na watoto hunyanyua kichwa kwa sababu moja kubwa: wanataka kuona kama wamepata kabla hawajamaliza kupiga.

Hatua ya tatu ni macho. Anayeanza hukodolea ncha ya mtutu. Mzoefu hutazama mbele, juu ya kibanda, mahali kisahani kitakapoanza kuonekana vizuri. Macho yanakidaka kwanza, mtutu unafuata, kama mikono ya golikipa inavyofuata macho yake. Baada ya kufyatua, mtutu unaendelea kusogea. Akiusimamisha ghafla, risasi inabaki nyuma ya kisahani.

Upepo wa maziwani nao una neno. Ukivuma kutoka mbele, kisahani hupanda. Ukitoka nyuma, hushuka.

Bunduki si sare ya shule

Wazazi wengi hununua sare kubwa ili mtoto akue nayo. Bunduki hainunuliwi hivyo. Kitako kikiwa kirefu, kinakwama kwapani na mtoto anakiegemeza kwenye mkono badala ya bega. Kikiwa kifupi, kidole gumba kinampiga puani.

Kipimo cha haraka ni hiki: bunduki ikiwa begani, bila risasi, kati ya pua na kidole gumba kiwepo kiasi cha vidole viwili. Kipimo kingine, pia bila risasi na ikiwa imeelekezwa mahali salama: mtoto afumbe macho, alete bunduki usoni, kisha afumbue. Jicho likiwa limekaa sawa juu ya mtutu bila kusogeza shingo, bunduki inamfaa. Mtoto wa miaka 13 au 14 hurefuka haraka, kwa hiyo upimaji hurudiwa kila msimu. Vipo vipande vya kuongeza urefu wa kitako, na vitako vinavyopandishwa na kushushwa sehemu ya shavu.

Alama ya bluu begani au shavuni isichukuliwe kama nishani. Bunduki hurudi nyuma kwa nguvu, na ubongo wa mtoto ukishajua kwamba kila mlio unakuja na maumivu, huanza kujilinda. Anafumba macho au anashtuka punde tu kabla ya risasi. Makocha hutambua tatizo hilo kwa kuweka risasi ya bandia bila mchezaji kujua: mlio haupo, lakini mwili umeruka. Kumwambia “jikaze” hakusaidii. Husaidia risasi zenye nguvu ndogo, bunduki iliyopimwa upya, na mapumziko.

Lipo pia suala la jicho tawala. Kuna watoto wanaotumia mkono wa kulia lakini ubongo wao hutegemea zaidi jicho la kushoto. Mtoto anyooshe mikono, atengeneze tundu dogo kwa viganja na kutazama kitu kilicho mbali kupitia tundu hilo, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho linaloendelea kukiona ndilo tawala. Ikiwa jicho na mkono havikubaliani, kocha anaweza kumfundisha kupiga kwa bega la pili, au kubandika kipande cha utepe kwenye kioo cha miwani. Miezi ya lawama huokolewa na kipimo cha dakika moja.

Masikio, macho na risasi

Mlio mmoja wa shotgani unaweza kuzidi desibeli 150. Sauti inayofika 140 inatosha kuharibu usikivu mara moja, na usikivu uliopotea hivyo haurudi. Mtoto avae vizibo ndani ya masikio na vifuniko juu yake, hata anaposubiri zamu. Miwani ya kinga huzuia vipande vya visahani.

Vipunje vya risasi aghalabu ni madini ya risasi yenyewe, ambayo ni sumu kwa ubongo unaokua. Mikono ioshwe kwa maji na sabuni kabla ya kula chochote uwanjani. Nguo za mazoezi zifuliwe peke yake, na viatu viachwe mlangoni kama nyumbani kuna mdogo anayetambaa.

Kisahani kimoja kwa wakati

Visahani 100 ni vingi kwa kichwa cha mtoto. Wanaopata alama nzuri hawahesabu. Wana utaratibu uleule kila zamu: kuweka risasi, kupanga miguu, kuvuta pumzi na kuitoa taratibu, kutazama mbele, kuita. Utaratibu huo huipa akili kazi ya kufanya badala ya kuogopa.

Kosa moja huzaa la pili pale mtoto anapoingia zamu inayofuata akiwa bado anagombana na iliyopita. Afundishwe kutaja sababu kwa sentensi moja, kwa mfano “nilinyanyua kichwa,” kisha aiache.

Mzazi ana nafasi kubwa hapa. Anayepaza maelekezo kutoka kwenye kiti anamwongezea mtoto kocha wa pili katikati ya zamu. Na swali la kwanza kwenye gari likiwa kila siku “umepata ngapi?”, mtoto atabeba hesabu hiyo hadi kituoni. Maji ya kunywa, kofia na chakula chepesi kabla ya raundi vina faida zaidi.

Baada ya mchezo

Tangu mwaka 2020, bunduki ndiyo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana nchini Marekani. Baadhi ya vifo hivyo ni mauaji, baadhi ni ajali, na baadhi ni vijana waliojiua, mara nyingi kwa bunduki iliyokuwa nyumbani. Nidhamu ya uwanjani haiko kazini saa nane usiku, wakati kijana ameachwa na rafiki au amefeli mtihani.

Kwa hiyo bunduki ifungiwe kabatini bila risasi, risasi zifungiwe mahali pengine, na funguo zikae kwa mzazi. Mtoto anayepata visahani 25 kati ya 25 bado hajafikia kukabidhiwa funguo.

Familia isiyotaka bunduki ndani ya nyumba imuulize kocha kabla ya kusaini, kwa kuwa zipo timu na klabu zinazowaazima wanafunzi bunduki na kuzihifadhi zenyewe. Aulizwe pia nani hupima kitako, lini hupima tena, na mtoto akisema bega linauma hufanyika nini. Kocha asiye na jibu la swali hilo la mwisho, mtafutie mtoto mwingine.