Rabai: Sisimizi wa Jikoni, Majimoto wa Mnazini

Ukitoka Mombasa kwenda Rabai safari si ndefu. Panda matatu ya Mazeras, upite Changamwe na Miritini, gari lianze kupanda vilima. Ukifika Mazeras shuka, ushike gari jingine la njia ya kulia, ile iendayo Kaloleni. Muda si muda utaona minazi imesimama bondeni na mlimani, na nyumba za makuti zimejificha chini yake. Hapo umekwisha ingia Rabai, Kaunti ya Kilifi.

Wageni wengi huja hapa kwa sababu ya wamishonari. Krapf na Rebmann, Wajerumani waliotumwa na Church Missionary Society ya Uingereza, walihamia Rabai mwaka 1846, na Rebmann alikuwa akiishi hapa alipofunga safari ya bara mwaka 1848 na kuiona theluji ya Kilimanjaro. Wengine huja kwa ajili ya misitu ya kaya, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Hayo yote nenda ukayaone. Lakini leo nataka tuzunguke nyuma ya nyumba, tuingie jikoni, kwani Rabai ina la kutufundisha juu ya kiumbe ambaye kila mama wa mjini amekwisha gombana naye, yaani sisimizi.

Hebu fikiria jiko la mahali panapokunwa nazi kila siku. Mbuzi iko kazini, tui linakamuliwa, machicha yanabaki kwenye ungo. Nje mbata zimeanikwa juani. Pembeni kuna kibuyu cha tembo la mnazi, ambalo Wamijikenda huliita uchi (msicheke), na likiwa jipya ni tamu kama sukari. Kama kuna karamu ya sisimizi duniani, basi ndiyo hii. Na mvua za masika zikianza, mashimo yao yakaingia maji, huhama wote kwa jeshi na kuja kukaa nawe.

Dawa ya kwanza haina gharama: maji ya sabuni. Sisimizi hafuati njia kwa macho. Yule wa kwanza aliyegundua sukari hurudi kwao akipaka harufu chini, na wenzake huifuata harufu hiyo mmoja nyuma ya mwingine. Ukiwaua kwa kidole bila kufuta njia, baada ya robo saa wengine watakuwa papo hapo. Futa mstari wote kwa kitambaa chenye sabuni, kuanzia kwenye chakula mpaka kwenye ufa waliotokea, kisha uzibe ufa huo. Siki au maji ya ndimu pia hufuta harufu. Karafuu na mdalasini husifiwa sana na akina mama, lakini kwa maoni yangu ni dawa za siku moja mbili tu. Harufu ikififia, wageni wamerudi.

Ya pili ni ya zamani, na sijaona iliyoishinda. Miguu ya meza au kabati la chakula huwekwa ndani ya vikopo vya maji. Kopo la sukari nalo husimamishwa katikati ya sahani yenye maji. Sisimizi akifika ufukoni hana mashua. Tia matone ya mafuta ya kupikia juu ya maji hayo, au ubadilishe maji kila baada ya siku mbili, ama sivyo utakuwa umefukuza sisimizi na kufuga mbu.

Majivu nayo hufaa sana mahali pa kuni na makumbi ya nazi, ambapo hayanunuliwi. Yanyunyize kizingitini na kando ya ukuta. Unga ule mkavu huwasumbua kutembea. Yakilowa tu, kazi imekwisha, unyunyize upya. Chaki ya ubaoni hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo, kwa kiasi kidogo. Ila tafadhali usiichanganye na zile chaki za wadudu zinazochuuzwa barabarani. Zile zina sumu, na mtoto anayejifunza kuandika hawezi kuzitofautisha na za shuleni.

Mtu wa mjini ataniuliza, kwa nini nisinunue sumu ya kupuliza nikamaliza maneno? Kwa kulijibu swali hilo, toka nje utazame juu ya mnazi.

Huko wanakaa majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani mabichi kwa nyuzi zinazotoka kwa watoto wao wenyewe, yakawa nyumba ya mviringo. Wakikuuma na kukutemea tindikali yao utajua kwa nini wakaitwa hivyo. Mgema, ambaye hupanda asubuhi na jioni, hana la kuwasifu. Hapo watu wa mnazi mmoja hugawanyika. Mgema hukata ncha ya karara kabla halijapasuka ili apate tembo, kwa hiyo karara lile halizai, naye hajali kitu kama majimoto watateketezwa wote. Lakini mwenye kungoja nazi ana hasara kubwa. Kuna mdudu mdogo wa kahawia anayefyonza maji ya vidaka na vitale, vikapukutika kabla ya kuwa madafu. Anayemwinda mdudu huyo kule juu ni majimoto.

Mambo haya yalichunguzwa Unguja na Mwingereza M. J. Way, ambaye aliandika juu yake mwaka 1953, na mdudu mwenyewe akaitwa kwa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Wachina nao walikuwa wakitumia majimoto wa kwao kulinda michungwa zaidi ya miaka 1,600 iliyopita.

Na adui mkubwa wa majimoto ni nani? Ni chungu mdogo wa kahawia ambaye askari wake wana vichwa vikubwa, achimbaye chini ya shina la mnazi na ambaye pia hupenda kuingia majumbani. Akishika shamba, majimoto hufukuzwa. Usimdharau kwa udogo wake: huko Laikipia, watafiti walieleza mwaka 2024 jinsi alivyowamaliza chungu wanaoilinda miiba ya nyikani, ndovu wakaivunja miti hiyo, na simba, wakiwa hawana tena mahali pa kujificha, wakapungukiwa na punda milia na kugeukia nyati.

Basi ukipuliza sumu kila mahali, ndani na nje, humuulizi unayemuua ni yupi. Ndiyo maana kwa mahali kama Rabai naona sabuni, maji na majivu ni bora. Vinamkomesha aliye jikoni na kumwacha aliye mnazini. Shimo la sisimizi lililo uani unaweza kulimwagia maji yanayochemka, mara kadhaa, mradi usiwe karibu na mizizi ya mche unaoupenda. Wakija siafu ni habari nyingine: watoe watoto, kuku waliofungwa na mbuzi, uwaachie nyumba kwa saa chache. Wakiondoka, mende na panya watakuwa wamekwenda nao.

Jioni ukirudi Mazeras utawakuta wauzaji wa madafu na nazi. Nunua, lakini kabla ya kupakia gari kung'uta kikapu na kutazama kwenye kikonyo cha kila dafu. Abiria mwenzako hatafurahi majimoto akimpanda shingoni huko Miritini, na sisimizi wa Rabai hana haja ya nauli kufika jikoni kwako.