Mlango Uliofunguliwa kwa Ndani

Mwezi Juni 2024, redio ilipotangaza kwamba umepatikana mwili wa mtoto wa miaka miwili na nusu aliyeporwa nyumbani kwao wilayani Muleba, mkoani Kagera, tarehe 30 Mei, nilikuwa nimekaa barazani nachambua maharage. Mtoto yule alikuwa na ualbino, na mwili wake ulikutwa umekatwa viungo. Siku chache baadaye ikatangazwa kwamba watu tisa wamefikishwa mahakamani, na miongoni mwao yumo mzazi wa mtoto. Nikazima redio. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama betri zimekwisha, nami nikamjibu kwamba zimekwisha.

Kama washtakiwa wale wana hatia au hawana, hiyo ni kazi ya mahakama. Mimi nilizima redio kwa sababu ya lile neno mzazi. Lilinirudisha miaka kumi na sita nyuma, katika kijiji kimoja cha Kibondo ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa wahusika wengi wangali hai na wanaendelea kuteka maji katika kisima kimoja.

Nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi pale. Mwaka 2008 nilikuwa nimebakiza miaka miwili nistaafu, na mawazo yangu yote yalikuwa juu ya nyumba niliyokuwa naijenga Kasulu. Katika darasa la pili nilikuwa na mvulana mwenye ualbino ambaye nilimketisha dawati la mbele kabisa, kwa sababu macho yake hayakufika ubaoni. Dada yake, wa darasa la kwanza, alikuwa na ualbino vilevile. Baba yao alikuwa amekwenda Urambo kulima tumbaku kwa mkataba. Mama yao alikuwa kwao, amejifungua. Watoto wale wawili walilala kwa bibi yao, mzaa baba, katika nyumba ya matofali mabichi yenye mlango mmoja wa mbao ambao bibi aliufunga kila jioni kwa komeo na kuuegemeza kinu.

Usiku mmoja wa mvua, mwezi Novemba, bibi yule na mjukuu wake wa kiume waliuawa.

Sitasimulia niliyoyaona alfajiri. Nitasema tu juu ya mlango. Mlango haukuvunjwa. Komeo lilikuwa limetolewa taratibu na kuegemezwa ukutani, na kinu kilikuwa kimesogezwa kando, kimesimama wima, kama kilivyosogezwa kila asubuhi. Mbwa wa nyumba ile, ambaye alinibwekea mimi kila mara nilipopita na baiskeli, hakuna jirani aliyemsikia akibweka. Binti alikutwa nyuma ya magunia ya maharage, hai, amejikunja. Askari alipomhoji, mimi nikiwa nimemshika mkono, alisema jambo moja tu. Alisema bibi alizungumza na mtu mlangoni, akamwambia, "Ingia, mvua itakulowesha."

Ndugu msomaji, mwanamke mzee wa nyanda zetu hizi, katika mwaka ule ambao redio ilitangaza mauaji ya watu wenye ualbino karibu kila mwezi, hamfungulii mgeni usiku. Anaifungulia sauti anayoijua. Kijiji kizima kilielewa hivyo kabla jua halijapanda. Na kwa kuwa baba wa watoto alikuwa Urambo, macho yote yakamwelekea mdogo wake, baba mdogo wa watoto, aliyekuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka hapo na ambaye mwezi Septemba alikuwa ameezeka nyumba yake kwa bati.

Bati ishirini na nne. Nilikuja kushangaa jinsi watu walivyozihesabu. Alisema ameuza asali na mbuzi wawili, na kwa kweli mbuzi wawili walikuwa hawapo zizini. Polisi walimchukua pamoja na wanaume wengine wawili, wakakaa nao wiki kadhaa, kisha wakawaachia wote kwa kukosa ushahidi. Tangu siku ile hakuna aliyeshtakiwa. Jalada, ninavyofahamu, halikufungwa. Limenyamaza tu.

Kijana yule nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa mzuri wa hesabu na mvivu wa kuandika. Alipokuwa darasa la sita nilimpa zamu ya kugonga kengele, na hakuchelewa hata siku moja. Nayaeleza haya ili ieleweke kwamba nilipokuwa nikimshuku, sikuwa nikimshuku mtu wa kwenye gazeti.

Mwezi Desemba nilimpeleka binti Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, ambako kuna shule ya watoto wenye mahitaji maalumu. Kabla ya miaka ile ilijulikana kwa wasioona na wasiosikia. Kuanzia wakati ule ilianza kujaa watoto wenye ualbino, na hata watu wazima wenye ualbino, waliokimbilia ukuta wake kutoka vijiji vya Kigoma na mikoa ya jirani. Tuliwakuta wamepanga mistari ya kofia chini ya miti. Binti aliniuliza kama wale wote nao bibi zao wamekufa.

Kuna jambo la elimu ambalo kama mwalimu siwezi kuliruka. Ualbino hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili. Baba na mama wanaweza kuwa weusi kama mimi, kila mmoja amebeba chembe hiyo ndani ya damu asiijue, na kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Nimelieleza hilo kwa punje za mahindi meupe na ya njano katika mikutano ya wazazi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Walinielewa. Lakini wauaji hawakuua kwa kukosa kuelewa urithi. Waliua kwa sababu kulikuwa na waganga waliouza uongo kwamba kiungo cha mtu kama huyo huleta mali, na kulikuwa na wanunuzi. Maskini mwenye panga ndiye aliyekamatwa mara nyingi. Mwenye fedha za kuagiza ni nadra kumsikia akitajwa.

Serikali haikukaa kimya, tuwe wakweli. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Alikuwa pia amesema kwamba anayekutwa akiua naye auawe, maneno yaliyozua mjadala mkubwa, na alipotakiwa kuyaeleza Bungeni alilia machozi. Upande wa pili wa mpaka wetu, mkoani Ruyigi, nchini Burundi, mwezi Julai mwaka huohuo mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha maisha na wengine vifungo vya miaka kadhaa kwa mauaji ya watu wenye ualbino. Ruyigi si mbali. Watu wetu wa Kibondo huvuka kwenda sokoni. Na mwezi Septemba 2009, Mahakama Kuu ikikaa Kahama, iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Bukombe. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Siku ile nilipita darasa la tatu, ambalo yule mvulana angekuwamo, nikalitazama dawati la mbele.

Lakini kabla ya hukumu hizo kulikuwa na kura. Mwezi Machi 2009 Rais Jakaya Kikwete aliwataka wananchi waandike kwa siri majina ya watu wanaowajua au kuwashuku kwa mauaji hayo, pamoja na majambazi na wauza dawa za kulevya, na karatasi zitumbukizwe katika visanduku. Hapakuwa na haja ya kuandika jina lako mwenyewe. Katika kijiji chetu kisanduku kiliwekwa shuleni kwangu, katika darasa la nne. Chaki, kalamu na meza vilikuwa vyangu. Watu walipanga foleni tangu asubuhi, kimya, kama wanaokwenda kutoa rambirambi.

Zamu yangu ilipofika niliingia, nikaketi kwenye dawati la mtoto, magoti yakagusa mbao. Nilikuwa nimekuja na jina. Nilikuwa nimelala nalo miezi minne. Ukutani mbele yangu palikuwa na maandishi yangu mwenyewe, methali za wiki, na mojawapo ilikuwa ile ya kikulacho. Miaka zaidi ya thelathini nimewafundisha watoto methali hiyo, na nimewapa alama waliojua kuimalizia. Siku ile iliniogopesha. Nilijiuliza ninajua nini hasa. Ninajua kuhusu komeo, kinu, mbwa na bati ishirini na nne. Mwanafunzi aniletee jibu la hesabu bila kuonyesha njia, nampa sifuri, hata kama jibu ni sahihi. Tena nilijua jinsi vijiji vyetu vilivyo. Siri ya kisanduku hukaa siku mbili. Siku ya tatu kuna watu na mawe mlangoni kwa mtu.

Nikaikunja karatasi ikiwa tupu, nikaitumbukiza.

Nimejisifu kwa jambo hilo baadhi ya usiku, na usiku mwingine nimejidharau. Sababu nilizozitoa hapo juu ni za kweli, lakini si zote. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja. Nilikuwa na watoto. Kama alikuwa yeye, basi alikuwa na wenzake, na wenzake walijua nyumba ya mwalimu mkuu iko wapi. Haki na woga viliniambia neno moja kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijaweza kutenganisha sauti zao.

Wiki ileile, saa tatu usiku, alikuja kwangu. Alipiga hodi kwa kutaja jina lake, jambo ambalo tangu Novemba watu wote walikuwa wakilifanya. Nilifungua. Nakiri nilifungua nikiwa na kurunzi mkono mmoja na mke wangu nyuma amesimama na mchi. Hakutaka kuketi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Mwalimu, wanasema kura zimesomwa huko wilayani. Langu limo mara ngapi?"

Nikamwambia kura ni siri, na kwamba sijui lolote, jambo lililokuwa kweli. Akatikisa kichwa. Akasema, "Moja liko. Niliandika mimi. Niliandika jina langu mwenyewe, Mwalimu, ili wanichukue tena, wanipeleke kwa hakimu, niseme nisikike, nifungwe au niachiwe mbele ya watu. Kuachiwa mlango wa nyuma si kuachiwa."

Mke wangu alishusha mchi. Mimi niliona moyo wangu unamwendea, na papo hapo nikawaza kwamba mtu mwerevu wa hesabu angeweza kupanga kusema hivyohivyo. Sikumjibu. Aliaga, akaondoka akimulika njia kwa simu. Hakuna aliyemfuata wala kumwita tena. Mkewe aliondoka mwaka uliofuata na watoto wao, akarudi kwao upande wa Heru Juu. Bati zimeota kutu sasa. Yumo humo peke yake. Kila mavuno ya maharage huniletea debe moja hapa Kasulu, naye hulishusha uani bila kuingia ndani. Nilikuwa nachambua maharage yake redio ilipotangaza habari za Muleba. Sikutaka kumwambia mke wangu kwa nini mikono yangu ilisimama.

Binti alikulia Kabanga. Likizo zilipofika, wapo watoto waliofuatwa na wapo ambao hawakufuatwa na mtu. Kwa miaka kadhaa mimi ndiye niliyekwenda kumsainia, nikamleta kwangu. Alipokuwa kidato cha kwanza zilitangazwa habari za mtoto wa miaka minne aliyeibwa katika kijiji cha Ndami, wilayani Kwimba, Desemba 2014, ambaye hakupatikana. Polisi waliwahoji hata wa nyumbani kwake. Binti alikuja mezani akaniuliza, kwa sauti ya kawaida, kama na huko mlango ulifunguliwa kwa ndani.

Sasa ni mwalimu. Alisomea ualimu katika chuo kilekile nilichosomea mimi, akapangiwa shule hapa mjini. Anavaa kofia pana na miwani, na kwenye mkoba wake haikosekani chupa ya Kilisun, mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa Moshi. Watoto wa darasa lake wameacha kumshangaa siku nyingi. Kila mwaka, Novemba, hupanda basi la asubuhi kwenda kijijini kusafisha makaburi mawili, na hurudi siku hiyohiyo. Hajalala kule hata usiku mmoja. Mwaka 2024, kwa sababu ya yale ya Muleba, sikutaka aende peke yake. Nikaenda naye.

Tulimkuta baba yake mdogo makaburini. Alikuwa amekwisha kufyeka majani, jembe limeegemezwa mtini. Amezeeka kuliko umri wake. Binti akapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mmefika salama? Huko njiani mvua haikuwalowesha?"

Nilimwona binti ametulia, kichwa amekiinamisha upande mmoja, kama anavyofanya mwanafunzi anayesikiliza imla. Akajibu kwamba hatukunyeshewa. Wakasimama hivyo, wakaulizana habari za mavuno, za kazi, za mama yake. Akampa baba yake mdogo sukari kilo mbili na sabuni. Yeye akatupa ndizi. Saa kumi tulikuwa kituoni.

Ndani ya basi, tulipokwisha kupata viti, nilimuuliza swali ambalo kwa miaka kumi na sita sikuthubutu kumuuliza.

"Sijui, Mwalimu," akasema. "Ndiyo maana narudi kila mwaka. Naenda kuisikiliza ile sauti."

Kisha akafungua mkoba akatoa madaftari ya darasa la pili, akaanza kusahihisha, basi likirukaruka, kalamu nyekundu ikikosea mistari.