Akamwita Hamali

Mfasiri hana budi kuishi na makosa yake, kwa kuwa yamekwisha kuchapwa. Langu moja nimeishi nalo tangu mwaka 1998. Sasa kitabu chenyewe kinatakiwa kuchapwa upya, nami naona ni haki nilieleze kosa hilo kwa kinywa changu kabla hajalieleza mwingine.

Wakati ule nilikuwa kijana mwenye kamusi moja na kiburi kingi. Kiingereza nilijifunza mwenyewe, kwa redio na kwa vitabu vilivyochakaa ambavyo mabaharia waliviacha bandarini. Nikashika kufasiri kisa kifupi cha London ya zamani. Ndani yake mna bwana mmoja aliyefiwa na mkewe. Usiku wa baridi anaingia katika nyumba ya ulevi, anakaa karibu na moto, anaagiza porta, na moyo wake unatulia. Kamusi yangu ikanambia kwamba neno hilo maana yake ni mchukuzi wa mizigo. Sikutafuta zaidi. Nikaandika: Akaketi karibu na moto, akamwita hamali, na moyo wake ukatulia.

Ajuaye Kiingereza atacheka, na acheke. Yule bwana hakumwita mtu. Aliagiza bia.

Lakini msikilizaji wangu wa kwanza hakucheka. Alikuwa marehemu baba yangu, ambaye alikuwa hamali katika bandari ya Malindi, hapa Unguja, tangu ujana wake hata mgongo ulipomkatalia. Magunia ya karafuu yalimwachia sugu begani ambayo sisi watoto tukiichezea kama kitufe. Kusoma alisoma msahafu tu. Nilimsomea kisa changu barazani baada ya alasiri, naye akisikiliza kwa adabu, kama asikilizavyo mzazi ambaye angependa zaidi mwanawe apate kazi. Nilipofika pale akaninyoshea mkono.

"Hebu rudia hapo, mwanangu."

Nikarudia. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumbe hata kwao yuko mtu wa kumwita hamali akakaa naye, si kumtwisha tu."

Tangu siku hiyo kila alipotembelewa na wenzake wa kazi, alitaka wasomewe ukurasa ule. Ukweli niliujua mwaka 2001, kwa mgeni mmoja aliyesoma kitabu akanieleza kwa upole. Baba alifariki mwaka 2006. Kwa miaka mitano nilimsomea uongo nikiujua kuwa ni uongo, wala sikumwambia.

Ndiyo sababu nilipopata nafasi ya kufika London, mwaka 2018, nilikuwa na haja moja ambayo sikuwatajia walionialika. Nilitaka kuiona hiyo porta.

Mimi sinywi. Sisemi hivyo kwa kujitakasa, bali msomaji ajue ugumu wa shughuli yenyewe: vipi mtu atafasiri ladha ambayo hataitia kinywani? Washairi wa Kiarabu wamenitangulia katika jambo hili. Abunuwasi tunayemjua kwa hila zake katika ngano alikuwa kweli mshairi wa Baghdad, na sifa yake kubwa huko ni tungo za mvinyo, naye alikuwa akisema alijualo. Ibn al-Farid wa Misri, aliyefariki mwaka 1235, aliusifu mvinyo katika kasida mashuhuri, na mvinyo wake ulikuwa mapenzi ya Mola. Mimi sikuwa wa huyu wala wa yule. Nilikuwa mfasiri tu, mwenye sentensi moja mbovu.

Rafiki yangu wa Muheza, Mkristo, aliyekaa huko miaka mingi, akanichukua katika baa ya zamani yenye mbao nyeusi. Tukapatana kwamba yeye ataonja, nami nitatafuta maneno. Kwangu akaagiza chai. Kwake ikaja bilauri kubwa ya kitu nilichokidhani cheusi. Akaniambia niinyanyue kwenye taa. Haikuwa nyeusi. Ukingoni, pale mwanga ulipopenya, ilikuwa nyekundu ya komamanga lililoiva mno, na juu yake povu la rangi ya maziwa yaliyotiwa kahawa kidogo.

Nikanusa. Wallahi sikutazamia. Niliyoyanusa yalikuwa nyumbani: buni zikikaangwa, ukoko wa wali chini ya sufuria, na nyuma ya hayo utamu wa sukari iliyoachwa motoni hata ikakaribia kuungua.

Rafiki yangu akapiga funda, akafumba macho.

"Chungu?" nikamwuliza.

"Chungu, Maalim, lakini uchungu wenyewe hauji mbele. Mbele kuna utamu."

"Utamu wa nini? Wa asali?"

"Hapana. Wa kashata. Zile zilizoungua kidogo. Uchungu unafuata ukishameza, kama wa kahawa, halafu ulimi unabaki mkavu."

"Ukakasi, kama wa ndizi mbichi?"

Akapiga funda jingine, akafikiri. "Kidogo sana. Kama wa chai iliyokaa."

Waingereza wa meza ya pili walitutazama, watu wazima wawili wakiigombania bilauri moja kwa lugha wasiyoijua. Sisi hatukuwajali. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, yeye akinywa polepole, mimi nikiandika, na kila alipotoa neno la Kiingereza nilimtaka anipe la Muheza. Aliniambia kwamba bia hii hainywewi baridi ya barafu, kwani baridi huuua utamu na kuuacha uchungu peke yake. Akanambia pia kwamba inavyokaa ikapata joto la mkono ndipo harufu yake inapofunguka, na kweli niliponusa mara ya pili moshi ulikuwa umepungua, sukari imezidi.

Usidhani lugha yetu ni maskini hapa. Shayiri iliyooteshwa kisha ikakaushwa ni kimea, neno ambalo kila aliyepata kunywa togwa analijua. Porta ni kimea kilichokaushwa kwa moto hata kikawa cha rangi ya udongo, kikapikwa na maua machungu ya hopsi, kikatiwa hamira. Mwaka 1817 mtu aitwaye Daniel Wheeler akapata hataza ya kukaanga kimea katika pipa la chuma linalozunguka, mfano wa chombo cha kukaangia kahawa. Kwa hiyo pua yangu haikunidanganya.

Ila jambo lililonikalisha kitako lilikuwa jina. Nilimwuliza rafiki yangu kwa nini bia iitwe mchukuzi, akacheka, akanambia kwamba ndivyo hasa ilivyo. Bia hii ilizuka London mwanzoni mwa karne ya 18, na walioipenda kupita wote walikuwa mahamali wa mji ule, wale wa barabarani na wale wa mtoni waliopakua makaa na nafaka katika mto Thames. Ilikuwa na nguvu, ilishibisha, na mtu aliyebeba tangu alfajiri aliinywa kama chakula. Watu wakaiita kwa jina la wanywaji wake. Wakubwa wakaja nyuma, wakatajirika kwayo. Guinness wa Dublin, mwaka 1799, aliacha bia nyingine zote akabaki na porta, na ile stauti inayouzwa leo hata kwetu Afrika Mashariki ni porta iliyozidishwa nguvu.

Utajiri huo ulikuwa na bei yake. Viwanda vilishindana kwa ukubwa wa mapipa. Tarehe 17 Oktoba 1814, katika kiwanda kimoja karibu na Tottenham Court Road, pipa la porta refu kuliko nyumba likapasuka, likavunja na mengine, na mafuriko yakaingia katika vibanda vya maskini vya mtaa wa St Giles. Walikufa watu wanane, wanawake na watoto. Baadhi yao walikuwa wamekusanyika matangani kwa mtoto mdogo.

Kesho yake rafiki yangu akanipeleka Piccadilly. Hapo, kando ya njia, pana ubao mnene juu ya nguzo mbili za chuma, umeinuliwa kimo cha bega. Uliwekwa mwaka 1861, na uliopo leo ni nakala ya ule wa asili. Si benchi, kwani hapakaliki. Umewekwa hamali apate kuutua mzigo wake bila kuuteremsha chini, apumue, kisha auingie tena kwa bega lile lile. Nilisimama nikaweka bega langu juu ya ubao. Mimi ni mfupi, haukunifika vizuri. Baba ungemfika.

Sasa nimerudi mezani na sentensi yangu. Kuiacha kama ilivyo siwezi. Mfasiri haruhusiwi kupenda kosa lake, hata likiwa limempa raha mzee. Rafiki mmoja mshairi amenishauri niandike bia nyeusi nimalize. Lakini bia nyeusi ni rangi tu, na tena si kweli, mimi nimeiona kwenye taa. Nikajaribu porta, neno likakaa pale kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Juma lililopita nimepeleka karatasi kwa mchapaji. Sentensi inasomeka hivi: Akaketi karibu na moto, akaagiza bia ya mahamali, na moyo wake ukatulia. Kijana anayepanga herufi akanipigia simu jioni ile ile. "Shikamoo, mzee. Hapa pameandikwa mahamali. Nadhani ni kosa, nilitoe?"

Nikamwambia asiliguse.